Kabla hujalipa kodi Dar, uliza kwanza upepo na maji: mwongozo kwa anayehamia kutoka bara

Kila siku watu wanashuka pale stendi ya Magufuli Mbezi na mabegi yao, wengine wamepata chuo, wengine ajira, wengine wanakuja kujaribu biashara Kariakoo, na maswali wanayomuuliza dalali ni yaleyale, kodi shingapi, inalipwa ya miezi mingapi, na kutoka hapo mpaka mjini ni daladala ngapi. Maswali mazuri ila kwa Dar hayatoshi. Kuna mawili mengine ambayo ndo yanaamua maisha yako humu: upepo unaingilia wapi, na mvua ikinyesha maji yanapita wapi. Hayo ndo yataamua unalala au unagaragara, mwezi wa nne unafika kazini saa ngapi, unaumwa mara ngapi kwa mwaka na LUKU unanunua ya shingapi. Naandika kwa ajili yako unayetoka Mbeya, Njombe, Arusha, Bukoba, kule ambako mtu analala na blanketi karibu mwaka mzima, ili usilipe miezi sita ndo uanze kujifunza.

KALENDA KWANZA

Dar inaendeshwa na pepo mbili na mvua mbili, ukizishika hizo nne umeshika mwaka mzima.

Kaskazi inaanza kuvuma kama Novemba au Desemba mpaka Machi, na hapo ndo joto lenyewe. Mchana nyuzi 31 mpaka 33, ukisikia namba tu unaweza kusema mbona Dodoma inafika hizo, shida sio namba shida ni unyevu, hewa imebeba maji ya bahari kwahiyo jasho halikauki mwilini, na usiku joto linagoma kushuka, saa tisa usiku unakuta bado nyuzi 25 hivi. Kusi inachukua nafasi kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, Oktoba. Juni, Julai na Agosti ndo miezi ya raha, usiku inashuka mpaka nyuzi 19 au 20, mtu wa Makete hata hatagundua ila wazawa wa hapa utawaona wamevaa masweta asubuhi kwenye mabasi ya mwendokasi. Katikati ya pepo hizo mbili kuna wiki ambazo upepo hauna msimamo, wavuvi wanaita maleleji, bahari inatulia ila ndani ya nyumba linabaki fukuto, hizo ndo wiki za kulala vibaya.

Mvua za masika ni Machi mpaka Mei na Aprili ndo kilele. Vuli ni Oktoba mpaka Desemba na hii haina uhakika, mwaka wa El Nino inamwaga sana, ilikuwa ivo 1997 na ikawa ivo tena 2023, na mwaka mwingine inachelewa au inagoma kama 2022, mto Ruvu ambao ndo unalisha jiji ukapungua na Oktoba hiyo tukaingia kwenye mgao wa maji. Yaani jiji hilihili linaweza kukuzamisha mwezi wa nne na kukunyima maji ya kuoga mwezi wa kumi, jiandae kwa yote mawili.

Kwahiyo kama una uwezo wa kuchagua mwezi wa kutafuta nyumba, njoo Aprili. Najua ni usumbufu, matope, foleni, ila Aprili nyumba zote zinasema ukweli. Julai kila nyumba Dar ni nzuri, ardhi kavu, upepo wa kusi unapuliza, dalali anakuonyesha sebule na we unaona umefika peponi.

KUISOMA NYUMBA: UPEPO

Bahari iko mashariki, mchana upepo unatoka baharini unakuja nchi kavu, na zile pepo kubwa kusi inatokea kusini mashariki na kaskazi inatokea kaskazini mashariki. Maana yake dirisha linalotazama mashariki, kusini au kaskazini lina kitu cha kukupa sehemu kubwa ya mwaka, ila chumba ambacho dirisha lake pekee linatazama magharibi kinakupa jua la jioni tu. Ukuta wa tofali uliopigwa na jua kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi unaendelea kutoa joto mpaka usiku wa manane, umezima taa umelala na ukuta bado uko kazini.

Hujui kaskazini ni wapi kwenye mtaa mgeni? Angalia msikiti. Ukiwa Dar Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwahiyo kibla cha msikiti wa mtaa ndo kaskazini yako, ukielekea kibla mashariki iko mkono wa kulia na magharibi mkono wa kushoto, na misikiti hamna mtaa inakokosekana.

Alafu dirisha moja sio upepo. Upepo unaingia pale tu ambapo una pa kutokea, kwahiyo tafuta chumba chenye madirisha kwenye kuta mbili, au angalau dirisha na mlango vinavyotazamana, fungua vyote simama katikati utasikia mwenyewe kama kuna kitu. Haya madirisha ya aluminiamu ya kusukuma ni mazuri kwa macho ila yanafunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo kimekaa palepale, zile za zamani za vioo vya kulala zinapitisha hewa zaidi hata kama zinaonekana za kizamani. Na angalia nje ya dirisha kuna nini. Nyumba nyingi sasa zina uzio mrefu, unakuta dirisha liko mita moja na nusu kutoka kwenye ukuta wa jirani, hapo hata uwe na madirisha sita upepo utapita juu ya paa unaenda zake. Ghorofani ni tofauti kabisa, floo ya pili na kuendelea unapata hewa ambayo wa chini hawaijui, ila floo ya mwisho chini ya paa inachemka mchana, ya katikati ndo tamu.

Angalia juu. Bati bila dari mwezi wa pili ni oveni, hamna namna nyingine ya kusema, na kuweka pangaboi chini ya bati tupu ni kuzungusha hewa ya moto. Kama kuna dari ya jipsamu au silingibodi angalia madoa ya kahawia, doa moja ni bati limetoboka, madoa ya duara yanayofuatana kwenye mstari ni misumari imeachia, umuoneshe mwenye nyumba kabla ya kulipa sio baada. Angalia pia nje kama kuna mti. Mwembe, mkungu au mwarobaini upande wa magharibi wa nyumba una faida kuliko watu wanavyodhani, kwenye nyumba mbili zinazofanana yenye mti ichukue hata kama inakuzidi kidogo bei.

Pangaboi ni lazima, AC ni uamuzi wako na mfuko wako. Pangaboi linakula umeme kidogo sana ukilinganisha na AC, na mtu akiwa chini yake jasho linakauka ndo maana unaona ahueni, haipunguzi joto la chumba inasaidia mwili wako kujipoza. Ukiamua AC basi ziba mianya, chumba chenye vioo vya kulala hakikai na AC kabisa unapooza mtaa.

KUISOMA NYUMBA: MAJI

Hapa ndo watu wanaumia kweli na naomba usome taratibu.

Dar imekatwa na mito na mabonde, Msimbazi, Kizinga, Mzinga, Mlalakuwa, mto Ng'ombe, Mbezi, Tegeta, mingi kiangazi ni mfereji wa maji machafu tu unaruka kwa mguu mmoja, na mwezi wa nne inachukua gari. Desemba 2011 mvua ya siku chache iliua watu zaidi ya 40 kwenye mabonde haya, serikali ikahamishia watu Mabwepande. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasema shughuli za watu zikae mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe, hesabu hatua zako kama 80 hivi, kama nyumba unayooneshwa iko ndani ya hapo acha, haijalishi ina vigae vya aina gani.

Ukifika kwenye nyumba usiangalie sebule kwanza, zunguka nje. Angalia kuta kwa chini, kuna mstari wa rangi tofauti unaoenda usawa mmoja nyumba nzima? Hiyo ni alama ya maji yalipofikia. Imepakwa rangi mpya futi tatu za chini tu na juu ni ya zamani? Jibu ni hilohilo. Angalia kizingiti cha mlango, kama majirani wote wamejenga kitofali cha kuzuia maji mlangoni, au kuna viroba vya mchanga vimepangwa pembeni ya geti, wao wanajua kitu. Angalia majani, matete na magugu ya majimaji hayaoti pakavu, na ukiona mashimo ya kaa uani ujue bahari inafika chini ya miguu yako. Angalia barabara na nyumba nani yuko juu, mitaa mingi imepandishiwa kifusi au lami na nyumba za zamani zimebaki chini, mvua ikinyesha barabara inamwagia ndani kwako.

Dalali atakwambia "bosi wangu hapa hapajawahi kujaa maji". Mshukuru, alafu nenda duka la jirani nunua soda ukae kwenye benchi, umuulize Mangi mwenye duka, mwezi wa nne hapa huwa mnapitaje. Au mama anayeuza vitumbua nje ya geti, msalimie vizuri, "shikamoo mama, samahani, nataka kupanga ile nyumba ya geti la bluu, masika maji huwa yanawafikia?" Huyo hana kamisheni, atakuonesha kwa mkono yalifika wapi na nani alibebwa godoro.

Kuhusu maeneo, Jangwani, Kigogo ya chini, Mkwajuni, Tandale, kando ya mto Ng'ombe, sehemu za Mikocheni na Msasani za chini, Boko na Basihaya, hapo kuwa makini sana. Kumbuka Mikocheni sio uswahilini, maji hayaulizi kodi yako. Huku juu Kimara, Goba, Makongo, Mbezi, Pugu maji yanashuka hayakai, tatizo lake ni makorongo na utelezi, kuna vilima mvua ikinyesha hakuna bajaji itakayokubali kupanda, na presha ya maji ya bomba huwa ndogo. Mi binafsi nikipewa kuchagua nachukua kilimani, tope linafutika.

Kitu cha mwisho kwenye nyumba ni choo. Uliza karo, yaani shimo la maji taka, liko wapi na mara ya mwisho limenyonywa lini. Masika maji ya ardhini yanapanda karo linajaa hata kama halijatumika sana, choo kinaanza kurudisha, na kuna watu wanasubiri mvua kubwa watapishe vyoo vyao kwenye mfereji, hiyo inapita mbele ya mlango wako na hapo ndo kipindupindu kinapoanzia. Mwambie mwenye nyumba alete gari la maji taka Februari, Aprili linakuwa ghali na halifiki.

MASIKA IKIANZA

Fuatilia Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanatoa utabiri kila siku na wakiona hatari wanatoa kwa ngazi, angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Angalizo we endelea na shughuli ila beba mwamvuli na panga njia ya kurudi. Tahadhari usiache watoto waende shule peke yao kama kuna mfereji njiani. Watu wengi walizoea kupuuza kwasababu vimbunga huwa vinaishia Msumbiji, Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja mpaka pwani yetu, Mafia wakapata shida, boti za Zanzibar zikasimama. Haiji kila mwaka ila inakuja.

Kitu ambacho wageni hawakielewi ni kwamba Jangwani inaweza kujaa wakati Kariakoo hamna hata manyunyu. Msimbazi unatokea huko vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Tabata, Kigogo, Jangwani, unaingia baharini pale daraja la Salenda. Mvua ikipigwa Pugu alfajiri maji yanakufuata mjini baadaye. Na kama yakifika Salenda wakati bahari imejaa bamvua, yaani imejaa kupita siku za kawaida, yanakosa pa kwenda, yanarudi nyuma yanasambaa. Kwahiyo mvua kubwa ikikutana na mwezi mpevu au mwezi mwandamo siku hiyo toka kazini mapema, usisubiri kuona. Barabara ya Morogoro ikifungwa Jangwani mwendokasi unakatwa hapo katikati, wanaokwenda Kimara na Mbezi wanazungukia Mandela kupitia Buguruni mpaka Ubungo, au wanashika Bagamoyo Road wanaingilia Sam Nujoma, na kila mtu atakuwa na wazo hilo muda huohuo. Kuna daraja la juu kwenye mradi wa bonde la Msimbazi kwa ajili ya pale, mpaka likamilike njia ni kuwahi.

Ukikuta maji yanakatiza barabara usipite. Naomba nirudie, usipite, hata kama bodaboda wa mbele kapita. Maji yanayotembea yakifika magotini yanaangusha mtu mzima, na yakifika nusu ya tairi gari dogo linaanza kuelea. Chini ya hayo maji kuna mtaro usio na mfuniko, chemba imefunguliwa, nyaya. Bodaboda bei yake inapanda mara mbili mvua ikinyesha na breki zake hazishiki, bora usubiri kibarazani saa nzima.

Vitu vya kuwa navyo ni vichache: gambuti au yeboyebo za kutembelea na viatu vya ofisini kwenye mfuko, mfuko wa nailoni wa simu na vyeti, tochi, na chaja ya akiba iliyojaa. Nyaraka zote muhimu ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko juu ya kabati. Radi ikianza chomoa TV na friji, umeme ukikatika usirudishe vifaa mpaka utulie, na friji liwekee frijigadi mwaka mzima. Maji yakianza kuingia ndani zima meni swichi kabla hujaanza kuokoa godoro. Baada ya mafuriko kila kilichoguswa na yale maji ni kichafu, osha kwa klorini, maji ya kunywa chemsha au tumia vidonge vya kusafishia maji hata kama yanatoka bombani, maana bomba zinapasuka zinaingiza uchafu.

MBU WA AINA MBILI

Watu wanajua neti ya usiku, hiyo ni kwa ajili ya malaria na uendelee nayo. Ila Dar kuna mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, asubuhi na jioni sana sana, na anazaliana kwenye maji masafi sio mtaroni. Huyo ndo wa dengue, ilitusumbua sana 2014 na tena 2019. Anataga kwenye ndoo, tairi bovu, kopo, sahani ya chini ya ua, na mayai yake yanang'ang'ania kwenye ukuta wa chombo na kustahimili ukavu kwa miezi. Kwahiyo kumwaga maji tu haitoshi, sugua ndoo kwa brashi mara moja kwa wiki. Simtank lazima iwe na mfuniko unaoziba, na pale bomba la mvua linapoingilia weka wavu.

Homa ikikupata ghafla, kichwa kinauma nyuma ya macho, viungo vinakata, usikimbilie dawa ya maumivu dukani. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zinaongeza hatari ya kutoka damu kama ni dengue. Meza panadoli, kunywa maji mengi, nenda upimwe malaria na dengue vyote viwili.

Kwenye simtank nimalizie, hata chumba kimoja jitahidi uwe na akiba ya maji ya siku tatu, madumu ya lita 20 yanatosha. Kisima kwenye nyumba ni kizuri ila onja kwanza, sehemu nyingi karibu na bahari maji yana chumvi, yanafulia kwa shida na chai haieleweki, hapo hesabu gharama ya kununua maji ya kunywa na kupikia.

MWILI NA JOTO

Hapa ni rahisi. Vaa pamba, nguo za polyester acha huko ulikotoka. Oga mara mbili, asubuhi na kabla ya kulala, ya usiku ndo inaleta usingizi, na usijikaushe sana. Harara shingoni na kwenye mikunjo ya mtoto ni kawaida miezi ya kaskazi, dawa yake ni kumuogesha maji ya kawaida, kumvalisha nguo nyepesi na kumuweka penye hewa, poda nyingi na mafuta mazito zinaziba zaidi. Kunywa maji kabla hujasikia kiu, dafu likipatikana ni bora kuliko soda. Kazi nzito na matembezi maliza kabla ya saa nne asubuhi au anza baada ya saa kumi, wajenzi na wabeba mizigo wa hapa ndo wanavyofanya. Mzee au mtu wa presha mwezi wa pili mchana asikae chini ya bati, mpeleke chini ya mti. Mtu akiacha kutoa jasho huku mwili unawaka na anaongea visivyoeleweka huyo anahitaji hospitali, mwagie maji na kumpepea njiani.

Chakula kinachacha haraka sana. Wali wa nazi uliopikwa saa saba saa moja usiku ushaanza kuharibika, pika kinacholiwa, kilichobaki friji au chemsha tena kabla ya kulala. Nunua unga na mchele kidogo kidogo, weka kwenye ndoo yenye mfuniko, gunia la kutoka nyumbani litaota wadudu.

VITU VYA NDANI

Hewa ya bahari ina chumvi na chumvi inakula chuma. Ukikaa Mbezi Beach, Kunduchi, Kigamboni ya ufukweni utaona mwenyewe geti, nondo za dirisha, jiko la gesi, hata feni. Ukipanga karibu na bahari usinunue kitanda cha chuma, vyuma vilivyopo vifute kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara na uvipake rangi ya mafuta kila ukiona kidoa cha kutu, usisubiri kienee. Pikipiki na gari osha kwa chini pia, sio juu tu.

Masika ukungu unashika viatu vya ngozi, mikanda, mabegi, suti. Usivifungie kabatini wiki nzima, acha mlango wa kabati wazi mchana, weka vipande vya mkaa kwenye kona vinanyonya unyevu, na kabati lenyewe lisigusane na ukuta, acha nafasi ya mkono. Nguo Januari zinakauka kabla hujamaliza kufua pea ya mwisho, Aprili zinaweza kuchukua siku mbili na kutoa uvundo. Dawa ni kufua kidogo kidogo, kukamua sana, na kuanika ndani chini ya pangaboi usiku, usikunje kitu chenye ubichi hata kidogo.

BAHARI

Umehamia pwani lazima utataka kwenda beach, nenda kwa ratiba ya bahari sio ya kwako. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ni bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita tatu. Siku hizo Dar maji yanajaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na yanakupwa karibu saa nne. Kila siku inayofuata yanasogea mbele kama dakika 50. Wiki ya katikati maji ni mafu, yanacheza kidogo tu. Kwahiyo kama unawapeleka watoto Coco Beach Jumapili ya bamvua saa nne asubuhi utakuta miamba mitupu, na wale vijidude vyeusi vya miiba wakikuchoma mguuni ni wiki nzima unachechemea, nenda saa tisa mchana na vaa viatu vya plastiki. Maji yakianza kupwa usiogelee mbali, yanavuta.

Boti ya Zanzibar, kama unatapika panda ya asubuhi, upepo mara nyingi unaongezeka mchana, na miezi ya kusi Juni mpaka Agosti mawimbi yanakuwa makubwa. Kaa chini na kwa nyuma, mbele ndo panaporuka. TMA wakisema upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, ahirisha.

Na samaki nao wana kalenda. Kusi ikivuma sana vyombo vidogo havitoki, soko la samaki la Feri bei inapanda, subiri bahari itulie. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu wanapungua, kwahiyo nunua wa kutosha wiki ya giza uanike vizuri juani siku ileile, Aprili usijaribu hilo, kaanga kabisa.